Gari-nyumba Ulaya na familia: mnalala wapi msimu wa joto?

#1 MamaMagurudumu

Habari za Jumapili wanajamvi. Kwenye uzi wa likizo kuna dada kaniuliza kama ni kweli mtu anaweza kukodi gari-nyumba (lile lenye vitanda, jiko na choo ndani) hapa Ujerumani, akapakia familia, akashuka nalo mpaka Italia na Kroatia bila kujua usiku atalala wapi. Jibu lilikuwa linarefuka, nimeona nilifungulie uzi.

Kwa kifupi: inawezekana, ila si katikati ya Agosti, na si ukiwa na watoto watatu na mama mkwe aliyefika juzi tu kutoka Moshi.

Kuendesha si kazi. Leseni ya daraja B inatosha kwa gari lisilozidi tani 3.5, na magari mengi ya kukodi yamepangwa yasivuke hapo. Kazi ni pa kulala. Hotelini ukikosa chumba unavuka barabara unajaribu nyingine. Gari la mita 7 linataka sehemu tambarare, maji, pa kumwaga choo, na baadhi ya nchi linataka ruhusa, na swali hilo linaanza upya kila siku.

Kuna vitu viwili ambavyo wageni wanavichanganya. Campingplatz ni kambi kamili: lango, mapokezi, mabafu, duka la mikate asubuhi, bembea za watoto, na bei inayohesabu vichwa. Stellplatz ni maegesho yaliyotengwa kwa magari haya tu. Mara nyingi ni ya manispaa, au ya mkulima wa zabibu, au iko nyuma ya bwawa la kuogelea la mji. Unalipa kwenye mashine, mara nyingi euro 10 hadi 20, pengine bure, unakuta nguzo ya umeme na bomba la kuwekea sarafu, basi. Hema hawataki. Wenye watoto wanakimbilia Campingplatz kila usiku na hapo ndipo bajeti inapofia. Sisi tunapishanisha: usiku wa njiani Stellplatz, tukifika tunapotaka kukaa ndipo tunaingia kambi kamili.

Sasa suala la saa. Watu wanadhani programu ya simu ndiyo inayotafuta nafasi. Park4Night na Campercontact zitakuonyesha mahali palipo, ila hazikuonyeshi Mholanzi aliyeingia dakika kumi kabla yako. Mimi naangalia ratiba ya kambi yenyewe. Kambi nyingi za Ujerumani zina mapumziko ya mchana, saa 7 hadi saa 9 alasiri, lango linashushwa, gari haliingii wala halitoki. Wanaohama inabidi wawe wameshatoka kabla ya hapo. Kwa hiyo kuanzia saa 5 asubuhi nafasi zinaachwa moja baada ya nyingine, na mtu wa mapokezi anajua amebakiwa na ngapi. Fika saa 6 mchana, unaonyeshwa mbili tatu uchague yenye kivuli. Fika saa 9, uko kwenye foleni na wote waliokuwa wanasubiri lango lifunguliwe. Fika saa 1 jioni, unapokelewa na kibao cha pamejaa: belegt kwa Wajerumani, complet kwa Wafaransa, completo kwa Waitaliano. Unageuza gari, watoto wanalia njaa, na baba watoto kanyamaza kimya kile ambacho wake mliomo humu mnakijua.

Kibao hicho nilikiona Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, wiki ya Pentekoste. Ufuko wa mashariki, kutoka Malcesine kushuka Bardolino hadi Peschiera, ni kambi juu ya kambi, na zote zilikuwa zimejaa, maana Bavaria na huku kwetu Baden-Württemberg shule hufungwa wiki mbili za Pentekoste na nusu ya watu wanashuka kupitia njia ya milimani ya Brenner kwenda hapohapo. Tuliacha ziwa, tukapanda vilimani upande wa Verona, tukalala kwa mkulima wa mizabibu aliyetutoza kidogo na kutuuzia mvinyo ambao hatuunywi. Tangu siku hiyo nikikosa pa kulala sizungukii maji. Natoka kilomita 20 au 30 kutoka ziwani au baharini, na mara nyingi napata.

Na kalenda. Hapa majimbo hayafungi shule kwa pamoja. Sisi wa kusini ndio wa mwisho: tunafunga karibu na mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, tunarudi karibu katikati ya Septemba. Msimu wa Waitaliano kilele chake ni sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15 Agosti. Wafaransa wanarudi shule mwanzoni mwa Septemba, Waholanzi wengi wameshaondoka, Wajerumani wa kaskazini nao wamerudi zamani. Wiki ya kwanza ya Septemba bahari bado ina joto na kambi ziko nusu. Mzazi mwenye watoto shule za kusini ana zawadi hiyo na wengi hawaitumii, wanang'ang'ania Agosti kwa sababu kila mtu anaenda Agosti.

Karibuni mnaofahamu nchi nyingine.

#2 Konda_Mstaafu

Kwa hiyo mnalipa hela mkalale ndani ya gari? Mimi enzi za Ubungo nimelala kwenye Hiace mpaka shingo ikapinda na hakuna aliyeniletea bili ya maji. Endelea dada, nimeweka kiti.

#3 Mpemba_Bergen

Assalaam alaykum. Dada, hayo ya kibao huku Norwei hayatusumbui sana. Kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea na kulala porini, mradi awe mita 150 kutoka nyumba au kibanda chenye watu, na asikae zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila idhini ya mwenye ardhi.

Lakini wageni hapo ndipo wanapokosea. Haki ile ni ya mtu na hema lake. Gari halina ruhusa kuingia porini hata hatua moja. Unachoruhusiwa ni kuegesha pembeni mwa barabara au kwenye maegesho ambayo hayajawekwa kibao cha kukataza. Na vibao vinaongezeka, hasa visiwa vya Lofoten, watu walijaa mpaka wenyeji wakachoka na vinyesi nyuma ya mawe. Nimeandika nilivyoona, mnisamehe wenye kula.

Sweden nako gari halina haki ya porini, ila wana vituo vya mapumziko barabarani ambavyo siku za kazi unaweza kukaa hadi saa 24. Sisi tukitoka na familia tunalala bure usiku mmoja, wa pili tunaingia kambi tukaoge na kufua. Choo tunamwaga vituo vya mafuta vyenye sehemu maalumu, vimewekewa alama barabarani.

Samaki wapo wengi. Njoo na ndoana.

#4 MamaMagurudumu

Waalaykum salaam kaka. Umenitamanisha, ila kutoka Stuttgart mpaka kwenu mafuta pekee yanalipa kambi ya wiki.

Kwa wanaouliza inbox kuhusu kulala bure Ujerumani: unaruhusiwa kulala usiku mmoja kwenye gari, maegesho ya umma yasiyokataza, kwa sababu moja tu, kwamba dereva kachoka na anatakiwa apumzike ndipo aendelee. Ukitoa viti, ukakunjua turubai, ukawasha jiko la mkaa, hapo umeshapiga kambi na ni kosa. Italia sheria ya barabarani kifungu cha 185 inafanana kwa akili: gari likisimama kwa magurudumu yake tu, halimwagi chochote, halichukui nafasi zaidi ya umbo lake, linahesabiwa limeegeshwa kama gari jingine lolote. Manispaa bado inaweza kuweka kibao chake. Austria msijaribu, hasa jimbo la Tirol. Kroatia ndiyo kabisa, nje ya kambi ni marufuku nchi nzima na faini zao hazina huruma.

#5 Babu_wa_Lyon

Mmeisahau Ufaransa na ndiyo nchi inayoyajali magari haya kuliko zote. Miji midogo mingi ina aire, maegesho yenye nguzo ya maji na shimo la kumwaga. Ila mimi na wajukuu nakwenda camping municipal, kambi ya manispaa. Iko kando ya mto, nyuma ya uwanja wa mpira, miti mikubwa, mabafu ya zamani lakini safi, na bei yake hailingani hata kidogo na zile kambi za bahari ya kusini zenye mabwawa na mateleza. Asubuhi unakwenda kwa miguu kununua mkate.

Tahadhari moja ya umeme. Kambi nyingi za Ufaransa zinakupa ampea 6. Kwa volti 230 hiyo ni wati 1,380. Birika la umeme la kawaida peke yake ni wati 2,000. Mke wangu alikuwa anachemsha chai huku mjukuu anakausha nywele, tunabaki gizani, na swichi iko kwenye sanduku la nguzo ambalo ufunguo anao msimamizi. Birika dogo la wati chini ya 1,000 linauzwa maduka ya vifaa vya kambi, au tumia gesi. Ukilipa kidogo zaidi baadhi wanakupa ampea 10.

#6 Kiserian_Kwetu

Niko Kenya na sijawahi ona hii gari ndani. Swali labda ni ya ujinga: hiyo choo mnamwaga wapi, na nani anamwaga?

#7 MamaMagurudumu

Hakuna swali la kijinga, hili ndilo swali lenyewe.

Chini ya choo kuna kaseti, sanduku la plastiki la lita kama 17 hadi 20, linatolewa kwa mlango mdogo ubavuni mwa gari. Lina magurudumu na mpini, unalivuta kama sanduku la safari uwanja wa ndege. Unalipeleka kwenye sinki maalumu la kambi, unamwaga, unasuuza, unatia dawa, unarudisha. Kamwe usimwage kwenye mtaro wa mvua au choo cha kituo cha mafuta ambacho hakijatengwa. Familia ya watu sita inalijaza haraka mno, siku mbili ni nyingi. Kwa hiyo ndiyo, kaseti ndiyo inayoamua mtalala wapi kuliko mandhari.

Nani anamwaga: baba watoto. Lakini ngoja niwaambie ya mama mkwe. Siku ya kwanza alipoelewa kwamba mwanaye, mwanamume mwenye shahada, anakokota mavi ya familia mbele ya Wazungu, alikataa kabisa kutumia choo cha gari. Akasema yeye atavumilia hadi mabafu. Kuanzia hapo hatukuwa na ubishi tena kuhusu Stellplatz au Campingplatz, kila usiku tuliingia penye mabafu, na nafasi inayoombwa ni ile ya karibu nayo. Nilikuwa nafika mapokezi na kusema tuna bibi, anatembea taratibu. Tulipewa.

Alipenda kambi kuliko sisi wote, tena. Majirani Wajerumani walikuwa wanamletea keki, yeye anawapelekea maandazi aliyokaangia nje. Hawakuelewana neno hata moja.

#8 Mwenyeji_wa_Meru

Naongoza watalii Arusha, nimeona niseme ya kwetu maana wengi humu mnadhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Kuna Wazungu wanashusha malori yao ya kulala bandarini, wanaendesha Afrika nzima na watoto ndani. Barabara ya Iringa kwenda Makambako wanalala Kisolanza, shamba la zamani lenye kambi, kila dereva wa njia ile analijua. Kenya wanapenda Naivasha, kando ya ziwa, na hapo uzio wa umeme una kazi yake, viboko wanapanda usiku kula majani.

Hifadhini ni habari nyingine. Kambi za umma Seronera, ndani ya Serengeti, hazina uzio. Kambi ya Simba pale ukingoni mwa Ngorongoro iko juu zaidi ya mita 2,000, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na tembo wamezoea kuja kunywa kwenye tangi la maji. Hakuna anayekuuliza ampea ngapi. Ukisikia haja usiku unamulika tochi kwanza, ukiona macho yanarudisha mwanga unarudi kulala.

Kwa hiyo mama mkwe akija huku atalitaka lile sanduku.

#9 Konda_Mstaafu

Mwenyeji umeniua 😂 Hiace ya Ubungo ilikuwa na chawa tu, nilikuwa nadhani nimeteseka.

#10 BintiTanga

Dada MamaMagurudumu, tuko Munich, tunataka Istria, pwani ya Kroatia, mwakani watu watano, mmojawapo mdogo wangu anakuja kwa viza ya Schengen kutoka nyumbani. Kroatia anaingia? Na kambi gani unashauri?

#11 MamaMagurudumu

Anaingia. Kroatia iko Schengen tangu tarehe 1 Januari 2023, na siku hiyohiyo ikaanza kutumia euro, kwa hiyo hata kubadilisha hela hakuna tena. Angalia tu viza yake isiwe ya nchi moja na siku zake zitoshe. Beba pasipoti na kadi za ukaazi za wote, watoto pia, halisi si nakala. Kambi za Italia na Kroatia zinamwandikisha kila mtu anayelala, na mapokezi wanataka kitambulisho cha kila kichwa. Kurudi, polisi wa Ujerumani wanaweza kuwasimamisha mpakani na Austria, na sisi wenye rangi hii mnajua tunavyochaguliwa.

Kambi siwezi kukutajia moja, inategemea watoto wanataka nini. Ila soma maelezo hadi mwisho kabla ya kulipa, na ukiona herufi FKK, simama hapo hapo. Maana yake ni kambi ya watu wasiovaa nguo. Istria ni maarufu kwa hizo, Koversada pale Vrsar ipo tangu mwaka 1961 na ni kubwa kama mji. Wanaopenda wapende, ila wewe utaingia langoni na mdogo wako katoka Tanga juzi, utaeleza nini. Wengine wana sehemu ya kawaida na sehemu ya FKK ndani ya kambi hiyohiyo, kwa hiyo angalia na ramani.

Julai na Agosti weka nafasi mapema sana, na ujue nyingi za pwani zinataka ukae usiku kadhaa, hazipokei wa kupita. Kule nafasi za mstari wa kwanza, zinazotazama maji, zina bei yake na mawe matupu bila kivuli. Mimi naomba mstari wa tatu chini ya misonobari.

#12 Lori_Lublin

Naendesha lori Ulaya, naombeni mnisikilize kwenye hili moja. Msilale vituo vya barabara kuu na familia. Sisi wa malori tunalala kwa sababu kampuni haitupi chaguo, na bado tunafunga milango kwa mikanda ya viti. Kusini mwa Ufaransa, kaskazini mwa Italia, Hispania upande wa bahari, wezi wanajua gari-nyumba lina kamera, hela na pasipoti za familia nzima sehemu moja. Toka barabara kuu, kilomita 5 tu, ingia kijiji chochote chenye Stellplatz au aire. Utalala kwa amani na hakuna friji za malori zinazonguruma usiku kucha.

#13 Babu_wa_Lyon

Naunga mkono kwa mikono miwili. Na pasipoti zisikae kwenye kabati la mbele, kila mwizi anaanzia hapo.

#14 Kiserian_Kwetu

Sasa nimeingia kwa mambo ya kukodi na naona hii kitu inawezekana, dada yangu ako Frankfurt. Lakini hamjaniambia: mkifika hiyo nafasi mnaangalia nini kabla ya kuzima gari? Ama ni kuegesha tu?

#15 MamaMagurudumu

Ardhi kwanza. Magari mengi haya yamejengwa juu ya Fiat Ducato inayovuta kwa magurudumu ya mbele, na uzito wote uko nyuma. Majani yakilowa mvua ya usiku, asubuhi magurudumu yanazunguka pale pale, trekta la mwenye kambi linakuja kukuvuta na kila mtu ametoka na kikombe chake cha kahawa kutazama. Mvua ikitabiriwa, omba nafasi ya kokoto, na kama ni majani tu ingia kinyumenyume ili magurudumu ya mbele yabaki karibu na njia.

Halafu usawa. Kila gari lina vipande viwili vya plastiki vya kupandishia magurudumu. Si kwa ajili ya usingizi peke yake: friji nyingi za magari haya, zile zinazotumia gesi na umeme, hazipoi vizuri gari likiinama, na samaki wa Mpemba wataoza. Angalia jua la mchana litapita wapi, waya wako unafika kwenye nguzo au la, na mlango wenu unafungukia wapi. Mlango ukiangalia mlango wa jirani mtaishi kama wapangaji wa Manzese, mtajua wanakula nini.

Watoto wangu kazi yao ni kushuka na kuelekeza. Kioo cha pembeni hakioni tawi la mti lililo juu, na paa la gari la kukodi likichanika dhamana yote uliyoweka imekwenda.

#16 BintiTanga

Asante dada. Moja la mwisho: fomu ya kuweka nafasi inauliza urefu wa gari. Niandike ule wa kwenye mkataba wa kukodi?

#17 MamaMagurudumu

Uliza kwanza kama ule wa mkataba unahesabu kibebea baiskeli cha nyuma. Mara nyingi hauhesabu, na baiskeli zinaongeza karibu mita nzima. Andika urefu pamoja nazo, maana nafasi nyingine Istria zina ukuta wa mawe nyuma. Na kimo kiandike kwenye karatasi ukibandike mbele ya dereva, kwa sentimita, kwa sababu vibao vya madaraja ya reli havimsubiri mtu atafute mkataba.